Shimo Yetu Imetoa

Msimu wa mvua uliopita nilikabidhi funguo za depo letu la Kasongo: majembe, burueti moja isiyo na gurudumu, na arozwari zetu za bati, ambazo siku hizi zinamwagilia miguu ya aliyezishika kuliko mboga. Aliyepokea ni kijana mwenye diploma na viatu vizuri. Aliniambia, kwa niaba ya wenzake, "Mama Mwamini, utuandikie kidogo. Namna ulivyokuwa unatengeneza bustani bila mboleo ya dukani." Nikamjibu kwamba mboleo ya dukani yenyewe ni shida kuifikisha huku, kwa hiyo wasiniite mwenye hekima, wailaumu barabara. Alicheka, lakini ombi lake hakuliondoa.

Basi naandika. Nitaeleza nilivyoanza na nilivyofundishwa, maana hayo yatawasaidia. Lakini nitaeleza pia habari ya bustani moja ya upande wa Salamabila, ambayo, ijapokuwa nimestaafu, yenyewe bado haijaniacha. Anayetaka mafundisho matupu bila huzuni amwulize aliyefanya kazi mahali pengine.

Mimi ni binti wa mwenye duka la vitambaa hapa Kasongo. Nyumbani kwetu mboga zilitoka sokoni, na hakuna aliyejiuliza zilifikaje sokoni. Masista walikuwa wanatafuta msichana anayejua kuandika, wa kusaidia kwenye bustani ya shule yao. Mama alisema, "Mutoto wa Kiislamu kwa masista?" Baba hakuinua hata macho kwenye kitambaa alichokuwa anapima. "Mboga ya lengalenga haina dini," akasema. Nikaenda.

Mkubwa wa bustani ile alikuwa Mzee Musafiri, mtu wa kabila la Wazimba, mfupi, mkali, mwenye kinywa kichungu kuliko mboga ya bilolo. Siku ya kwanza hakunipa jembe. Alinipa kikapu na kunituma nizunguke majiko ya mtaa mzima nikusanye maganda, majivu na mavi ya kuku. Niliporudi nimeziba pua kwa ncha ya kitenge, alichungulia kikapu, akasema, "Sasa nieleze nani anakula vizuri mu huu mutaa." Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka nijue kwamba bustani inaanza jikoni, na kwamba mtaa usio na maganda hautakuwa na mboleo hata ukipewa mbegu za Ulaya.

Alinifundisha kuukamata udongo wenye unyevu na kuukaza kiganjani. Ukibaki donge gumu, kuna mfinyanzi mwingi, uongeze majani. Ukimwagika, ni mchanga, uongeze mboleo na subira. Ukishikamana kisha ukavunjika unapoguswa na kidole, nyamaza na upande. Alinifundisha kupima upana wa tuta kwa mkono: ufike katikati ukiwa upande huu, na ufike katikati ukiwa upande ule, ili mtu yeyote asikanyage ndani. "Udongo ukikanyagwa unakaza roho, sawa mutu," alisema. Nyanya hazikufuatana na nyanya, wala na biringanya, kwa sababu hao ni ndugu na ndugu wanarithishana magonjwa. Palipotoka majani pakaingia kunde, palipotoka kunde pakaingia vitunguu. Nimefanya kazi na wataalamu wengi baada yake. Walinipa majina ya mambo hayo, nami nawashukuru kwa majina.

Mzee Musafiri alikufa nikiwa Kabambare. Habari ilinifikia wakati watu walikuwa wamekwisha kuondoa matanga, nami sikukikalia kilio chake hata siku moja. Nilimlilia kwenye tuta la watu, mbele ya wanawake wa kikundi nisichokijua vizuri, na wao wakaketi chini pamoja nami bila kuniuliza. Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimkuta mtu ameketi chini ananyamaza, unaketi kwanza. Habari utaipata baadaye.

Baada ya masista niliajiriwa kuwa monitere wa kilimo, na tangu hapo jina langu likawa Mama Monitere. Monitere ni mtu anayefika kijijini akiwa na matope hadi magotini na kuanza kuwafundisha wakulima kulima. Msishangae wakichelewa kuwasikiliza. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa upande wa mto. Walichagua ardhi nzuri, nyeusi, tambarare, na hakuna aliyeuliza kwa nini ardhi nzuri hivyo haina mwenyewe. Lualaba ilipopanda ikatupikia kabichi zetu zote bila chumvi. Tangu siku ile, kabla ya kukata kigingi cha kwanza, nawatafuta vikongwe wa mahali na kuwauliza maji yanafika wapi.

Kulikuwa pia na bwana mmoja aliyenisikia nikisema mavi ya mbuzi ni chakula cha mmea. Akayatoa zizini yakiwa mabichi na kuyalundika juu ya miche ya vitunguu. Miche iliungua yote. Akanijia na hasira: "Mama Monitere, si ulisema ni chakula?" Nikamwambia hata ugali ni chakula, ila haumwagiwi mtoto mdomoni ukiwa bado unachemka. Mboleo lazima iive. Hilo neno mlishike, maana habari yangu yote imesimama juu yake.

Kisha nikapelekwa Kabambare, na kutoka pale vijiji vya njia ya Salamabila. Kuna siku pikipiki ilinibeba na kuna siku mimi na motari, dereva wake, tuliibeba pikipiki. Nilipofika huko nilikuta nchi ya namna nyingine. Wanaume walikuwa kwenye karieri, machimboni, wanatafuta dhahabu. Mashamba yalibaki kwa wanawake, na wanawake wengi nao walikwenda kuchota mchanga na kutwanga mawe. Nyanya ilikuwa inaletwa kwa pikipiki kutoka mbali, imepondeka, na bei yake ni ya watu wenye dhahabu. Watoto walikula ugali wa muhogo asubuhi, na jioni ugali wa muhogo.

Kijiji chenyewe sitakitaja, watu wake wako hai. Hapo ndipo nilipomkuta Mama Veronika. Alikuwa Mbangubangu, Mkatoliki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekufa kwa bwaki. Ninyi mnaijua: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, mtoto anakaa kimya na kutazama tu. Aliniambia habari hiyo siku ya kwanza, tumesimama njiani, kabla sijashusha mzigo wangu.

"Daktari alisema alikosa chakula. Mama, mutoto wangu alikuwa anashiba kila siku. Alikufa ameshiba." Akaninyoshea mkono, akanishika kwenye kifundo cha mkono. "Nifundishe ile chakula ingine. Mutoto mwengine asikufe vile mu hii kijiji."

Hiyo ndiyo ilikuwa bustani yetu tangu mwanzo. Haikuwa ya soko, wala ya wageni kupiga picha. Ilikuwa ya kuwazuia watoto wasife wameshiba.

Kapita, mkuu wa kijiji, alitupatia kipande cha ardhi kando ya kijito, chenye mteremko mdogo. Wanawake walikuwa wachache mwanzoni: Veronika, rafiki yake Feza, aliyekuwa kijana kuliko wengine na mjamzito, na wengine wa kanisani. Tulitafuta maji yanafika wapi. Tulilaza matuta kukata mteremko, ili mvua isichukue udongo wetu na kuupeleka kwa samaki. Juu tukapanda kunde za miti, yaani mbaazi, kuwa ua, chini matembele ya kushikilia ukingo. Katikati lengalenga, dongodongo ambayo wengine huiita bamia, ngaingai ya majani machachu, biringanya, vitunguu, na maharagwe pembeni. Udongo ulikuwa mwembamba na mwekundu. Ukiukaza kiganjani ulikuwa ukikataa. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa mboleo.

Tulichimba mashimo mawili chini ya kivuli, kina cha magoti. Tulitandika vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, juu yake majani mabichi ya alizeti pori, yale yenye ua la njano yanayoota barabarani bila kualikwa. Kisha mavi ya mbuzi, kisha majivu kidogo, kisha udongo, kisha maji, na kuanza tena hadi shimo lijae. Tukalifunika kwa majani ya ndizi. Tukachomeka fimbo ndefu hadi katikati. Ukiichomoa fimbo na kuikuta ya moto na yenye jasho, shimo linafanya kazi. Ikiwa kavu, mwagilia. Ikinuka uozo, pindua. Baadaye tulihamisha vyote kutoka shimo la kwanza kwenda la pili, ili ya chini yawe juu.

Veronika aliipenda fimbo ile. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alipita, akaichomoa, akaishika, akainusa, akaitia tena. Feza alimcheka: "Mama Veronika iko na mutoto mu tumbo ya udongo." Veronika hakukasirika. Nadhani ilikuwa kweli.

Msimu wa kwanza tulivuna kidogo, na wadudu wakala nusu. Tulipondaponda pilipili kali, tukachanganya na maji na sabuni, tukanyunyizia; asubuhi tukamwaga majivu kwenye majani yenye umande. Mbuzi wa kapita waliingia mara nyingi, na kila mara kapita alisema mbuzi hawana akili. Tulinyamaza, maana ardhi ilikuwa yake. Misimu ikapita. Kidogo kidogo udongo ukaanza kubadilika. Ukawa mweusi, ukawa na minyoo, ukanusa kama msitu baada ya mvua. Nimetengeneza bustani nyingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa na udongo mzuri kuliko zote. Feza alijifungua mtoto wa kike, na mtoto yule akakua kwenye matuta, mdomo wake kijani kwa kula majani mabichi ya kunde. Katika miaka ile hakuna mtoto wa kikundi chetu aliyevimba miguu.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika.

Mwaka ule tulikuwa tumechimba mashimo mapya, makubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu wanawake wengi walikuwa wamejiunga. Mimi nilikwama Kabambare, mvua imebomoa daraja la miti. Veronika alifunua shimo peke yake, akakuta mboleo imeiva vizuri kuliko wakati wowote. Alifurahi, na furaha haina kufuli. Alikuwa anatembea kwenda kuwaambia wenzake, na motari mmoja wa Salamabila alikuwa amesimama njiani anatengeneza mnyororo.

"Mama, leo unacheka tu peke yako. Kuko nini?"

Veronika akamjibu, "Shimo yetu imetoa!"

Lazima niwaeleze, kwa wale ambao hamjafika huko. Kasongo ukisema shimo, mtu anafikiri choo au takataka. Kule shimo ni shimo la dhahabu. Lina mwenyewe, anaitwa pedeje, lina wakreseri wanaolichimba, na watu wanakaa karibu nalo miezi wakila kwa deni na kusali. Siku likifika kwenye dhahabu, kuna maneno matatu tu ya kusema, na Veronika alikuwa ameyasema yote matatu.

Motari akaacha mnyororo. "Imetoa namna gani?"

"Imetoa mingi. Iko nyeusi, laini. Ukikamata, inakaa mu mukono."

Ninyi vijana wa Kasongo mnaweza kuuliza, je, mtu huyo hakujua kwamba dhahabu si nyeusi? Alijua. Lakini wakreseri wanatafuta kwanza mchanga mweusi, kwa sababu dhahabu inapenda kulala nao. Kila neno alilolisema Veronika lilimchoma motari yule mahali panapowasha. Alipanda pikipiki na mnyororo wake hivyo hivyo.

Walikuja kwanza vijana wachache, kwa adabu. Waliuliza lilipo shimo. Veronika akawaonyesha, akiwa na furaha bado, akidhani wanataka kujifunza. Alipoelewa wanatafuta nini alicheka hadi akakaa chini. Kisha aliingia shimoni mwenyewe, akachota mboleo kwa mikono, akawatupia miguuni. "Tazameni! Ni mavi ya mbuzi! Ni majani!"

Mmoja wao alikuwa ameishika ile fimbo. "Na hii, unapima nini?"

"Napima moto."

Wakatazamana. "Moto mu udongo," akasema. Kisha akasema neno ambalo Veronika alinirudilia mara nyingi, kila mara kwa sauti ya yule kijana: "Mutu gani anafunika mavi ya mbuzi na majani ya ndizi, sawa mutoto?"

Nimelifikiria swali hilo. Nimeyafunika mavi ya mbuzi namna hiyo maisha yangu yote, na sijawahi kuliona jambo hilo kwa macho ya mtu mwenye njaa ya dhahabu. Walikwenda zao wakiamini kwamba mwanamke yule ni mwerevu sana.

Waliporudi walikuwa na pedeje na majembe, na kapita alikuwa amekwisha kunywa pombe yao. Alisema ardhi ni yake, na kwamba mboga zitaota pengine. Wakaanza kwenye mashimo ya mboleo, wakateremka, wakapanuka. Siku ya pili au ya tatu mtu mmoja alipata punje, chembe ndogo ya kuonekana kwa shida juu ya ukucha. Kijito kile chote kina chembe za namna hiyo. Hata kwenye sufuria ya maharagwe ungeweza kuipata ukiwa na subira. Lakini punje ni punje. Jioni ile kijiji kizima kilijua.

Daraja lilipotengenezwa nilikuja. Nilisikia kazi kabla ya kuiona, watu wengi wanaimba. Matuta hayakuwepo. Palikuwa na mashimo, na kandokando yake marundo ya changarawe nyekundu iliyotoka chini. Na kwenye kijito walikuwa wanawake wamepanga mstari, wameinama, wana mabeseni. Walikuwa wanaosha udongo mweusi. Waliuzungusha ndani ya maji, wakamwaga ulioelea, wakaongeza, wakazungusha. Maji yalikuwa yanakwenda meusi hadi kwenye kona. Nusu yao walikuwa wanawake wa kikundi chetu.

Feza alikuwa wa kwanza kwenye mstari, binti yake amefungwa mgongoni. Aliniona.

"Mama Monitere, usinitazame vile. Bwana yangu iko mu shimo tangu asubui. Kama kuko kitu mu hii udongo, juu ya nini wachukue wengine, siye tuache?"

Nililia, nawaambia wazi. Niliwahi kuona mafuriko, niliwahi kuona nzige, niliwahi kuona watu wamekimbia na kuacha vitunguu ardhini. Sikuwahi kuona watu wanaosha kazi yao wenyewe mtoni. Veronika alikuwa amesimama juu ya ukingo, mikono kichwani. Ile sauti ya kanisani sikuisikia tena siku ile wala siku nyingi baadaye.

Hawakupata dhahabu ya maana. Wakreseri walipochoka walikwenda kutafuta uvumi mwingine, na mashimo yakajaa maji na vyura. Ndipo watu walipotafuta wa kulaumiwa. Kapita hawezi kulaumiwa, pedeje hayupo, waume wamelala nyumbani. Lawama ikamwangukia aliyesema. Nyuma yake walimwita Mama Shimo-Imetoa, kisha wakamwita hivyo mbele yake. Niliitisha mkutano, nikaeleza kwamba ni neno la kazi yetu, kwamba hakudanganya mtu. Walinisikiliza kwa heshima yote. Mwisho mwanamke mmoja akasema, "Tunasikia, Mama. Lakini angaliweza kusema mboleo." Mkutano ukaisha.

Kwa hiyo, ninyi mnaobaki, hili ni fundisho la kazi na ninaliweka hapa hata kama linaniuma. Mkienda upande wa dhahabu, msichimbe. Tengenezeni lundo juu ya ardhi, kila mtu alione, mlifunike kwa nyasi mbele ya watu, na mliite lundo. Linakauka upesi na lazima limwagiliwe zaidi. Vumilieni. Na fimbo ya kupima moto muiache nyumbani, tumieni mkono.

Mwaka uliofuata binti wa Feza alivimba miguu. Nilipata habari akiwa amekwisha kuzikwa. Veronika alikuwa amekwenda kwenye kilio akiwa na kuni kichwani, kama mtu anavyokwenda kwa jirani. Feza alimtazama kutoka pale alipoketi chini, akasema, "Wewe, usikae hapa." Kuni aliziacha mlangoni. Mnajua uzito wa jambo hilo. Watu wanapigana, wanashtakiana, wanaibiana wake, lakini kwenye kilio kila mtu ana nafasi ya kukaa. Sijawahi kusikia mtu mwingine kwetu aliyenyimwa.

Nilikwenda kuagana na Veronika kabla ya kustaafu. Nilimkuta ndani ya nyumba mchana, mwanamke ambaye zamani jua halikumkuta kitandani. Tulizungumza juu ya watoto wake wakubwa, juu ya magoti yetu. Nilimwambia tena kwamba hakukosa. Alitikisa kichwa.

"Mama Mwamini," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, "kama ile shimo ingalitoa dhahabu ya kweli, wangalinibeba mu mabega. Neno ni lile lile."

Kisha akataka twende tuone bustani. Changarawe ilikuwa imelala juu, magugu machache yanajaribu. Niliinama nikachukua kiganja, nikakaza. Ilimwagika yote, hata haikuacha doa. Alikuwa ananitazama mikono.

"Tukianza leo, itachukua wakati gani irudi sawa ya zamani?"

Sikuwahi kumdanganya mkulima juu ya udongo wake. Nikamwambia kwamba wa juu ulikwenda na maji, na wa chini ndio huu; kwamba tukianza leo, labda watoto wa wajukuu zake watauona. Mimi na yeye hatutauona.

Hakulia. Alirudi nyumbani na kuja na mkeka. Aliutandika pale ukingoni, akavua kilemba, akaketi amenyosha miguu mbele, kama wanavyoketi wanawake wa kwetu kwenye kilio. "Basi imekufa," akasema. "Na hatukuikalia hata siku moja." Nikaketi karibu naye.

Njia ya kwenda majini inapita pale. Bikizee mmoja alikuwa anatoka shambani na kikapu cha muhogo. Alituona tumeketi, akateremsha kikapu, akaketi bila kuuliza. Akaja mwingine na ndoo, akaketi. Walikuja hivyo, mmoja mmoja, wale waliomwita Mama Shimo-Imetoa na wale waliokuwa wanacheka tu. Hawakuweza kupita. Hakuna mtu anayepita.

Feza alifika na bidoni ya maji kichwani. Alisimama. Tangu siku ya kuni alikuwa hajazungumza na Veronika.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Ni ile udongo yetu," akasema Veronika, bila kuinua macho.

Niliogopa atacheka. Niliogopa zaidi atatukana, na kwamba wengine watainuka naye. Alishusha bidoni, akaiweka vizuri isianguke. Akafungua kilemba chake. Kifua kilianza kumpanda na kushuka, na nilijua haulilii udongo peke yake.

"Niliiosha na mikono yangu," akasema. "Mimi. Na mutoto mu mugongo."

Veronika akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi.